Kundi la Bila Chai

Wasomaji, nichekeni polepole. Nilikuwa nasomea saikolojia, na alama zangu zote zilitegemea jaribio moja nililofanyia nyumbani kwetu Kitengela: je, chai inasaidia mtu kukumbuka? Nikarusha shilingi kugawa akina mama wa kanisa makundi mawili. Kundi moja likanywa chai sebuleni. Lingine likakaa chumba cha nyuma bila chai, ili niwalinganishe, mwalimu wangu akiwachunga. Mama yangu, mtu wa Bungoma, alinuna. "Wageni wakae kwangu na mdomo mkavu?"

Baadaye nikawasomea wote maneno fulani, nikawauliza mmoja mmoja wanayokumbuka. Wa chai walibabaika. Wale wa bila chai walikumbuka karibu yote! Nikanyoosha tai ya baba, nikatangaza mbele ya wote, "Chai inaharibu kumbukumbu!"

Mama Nekesa, wa kundi la bila chai, akashangaa. "Basi hii mama yako ametupitishia kwa dirisha ni nzuri, kijana. Haijatuharibu kitu."

Nikamgeukia mwalimu anitetee. Alikuwa anapangusa chai ya maziwa kwenye masharubu.