Anayeelewa kwa Kusema

Dada yangu hakumaliza shule, na mimi niliishia la saba, lakini yeye ndiye aliyegundua jinsi mwanawe anavyoelewa mambo. Mtoto akisoma kimya, haliingii neno. Akimfundisha mtu, linakaa. Basi jioni, wakikata viazi vitamu vya kuanika michembe, dada alijifanya mwanafunzi, tena mbishi.

"Robo iwe ndogo kuliko nusu? Nne si kubwa kuliko mbili? Usinidanganye."

"Mama! Si utazame kiazi!"

Mtoto alikata, akapanga vipande, akaeleza kwa Kisukuma, akarudia kwa Kiswahili, mpaka mama yake akubali. Kufikia hapo yeye mwenyewe alikuwa ameshaelewa.

Kisha kifusi kilimfukia dada kwenye machimbo ya dhahabu, na mtoto akaja kwangu hapa Masumbwe, akaingizwa darasa la nne katika shule mpya. Hakuwa tena na mtu wa kujifanya mwanafunzi wake, akawa anamnong'oneza mwenzake wa dawati. Mwalimu akamvika shingoni kibao cha mbao kilichoandikwa "Mpiga kelele". Akashinda nacho mpaka kengele ya kutoka. Mtoto aliyetoka kumzika mama yake! Mimi msibani sikupiga yowe, watu wakanisema nina moyo mgumu. Siku ile ya kibao nilitaka kupiga yowe.

Nilikwenda shuleni.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema, kwa heshima kabisa.

"Marahaba." Nikamweleza habari za dada na viazi vyake. Nikaomba kitu kimoja tu: kabla ya kuandika, mtoto aruhusiwe kumweleza mwenzake kidogo.

"Mama, nikimruhusu mmoja, darasa linageuka mnada wa ng'ombe. Na anachanganya na Kisukuma. Huyu wako ni kasuku tu."

Watoto waliokuwa dirishani wakacheka. Kwamba darasa limejaa ni kweli, sitamsingizia. Wengine wanakaa sakafuni. Lakini kasuku husema asichokielewa, na huyu husema ndipo aelewe. Jibu hilo lilinijia nikiwa njiani. Nililisema peke yangu, kwa sauti, watu wakanitazama.

Nyumbani mtoto alinikuta nachambua mchicha.

"Shule basi, mama mdogo. Mimi mjinga. Nitaponda mawe machimboni kama wengine."

"Nani mjinga? Wewe unaelewa kwa kusema. Mama yako aliliona, mimi nimeliona. Sasa lijue na wewe, maana darasani sisi hatumo. Wakikukataza sauti, sema moyoni. Chagua mtu, umfundishe."

"Nani?"

"Umtakaye."

Nilidhani atamchagua mama yake. Leo walipewa zoezi la sehemu, na aliporudi nikamuuliza.

"Mwalimu," akasema. "Nilimfundisha mwalimu. Mgumu huyo! Nilirudia na kurudia."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akanionyesha daftari. Majibu yote vema. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Umeangalizia kwa nani?"

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja nami niulize hivyohivyo.

Sikuuliza. Nimepiga pasi sare yake na gauni langu. Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili. Safari hii mimi sitaeleza kitu. Ataeleza yeye, mbele ya mwalimu na mwalimu mkuu, kwa sauti yake yote, na wakitaka kibao watuvike sote.