Majina Thelathini na Moja Kuzunguka Sahani

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Sahani anasukuma toroli la mashuka machafu kuingia chumba cha kufulia cha hospitali. Anayachambua kwa mikono yenye glavu: ya wodi ya wazazi huku, ya upasuaji kule. Sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka haimpiti.

"Hawa madaktari wamesoma, lakini kutoa sindano kwenye shuka ni mtihani," anasema bila kuinua macho.

Ana miaka hamsini na tisa, thelathini na sita kati ya hiyo ameimalizia humu. Amebakiza miezi miwili astaafu. Wafanyakazi wapya hudhani jina lake limetokana na kupenda kula, naye huwaacha wadhani.

Alipoanza, wanaume wa chumba hiki walikuwa na ajira ya kudumu. Wanawake, kwa kazi ileile, walikuwa vibarua wa nusu mshahara. Walipita mlango wa takataka, na aliyeonekana ana mimba aliambiwa asirudi.

Shangazi yake, kibarua wa humuhumu aliyemtafutia kazi hiyo, aliandika barua ya malalamiko. Wenzake wakatia sahihi, jina lake likiwa juu kabisa. Kesho yake akamwaga unga. Wengine wote wakafyata.

"Nilikuwa na mimba ya miezi minne, naificha ndani ya aproni," anakumbuka. "Nikajua zamu yangu inakuja. Niliogopa sana."

Ndipo alipochukua sahani yake ya bati, akaifunika juu ya karatasi na kuizungushia penseli. Madai yakaandikwa katikati, sahihi thelathini na moja zikafuata mviringo. Mkubwa wa ofisi aliigeuza karatasi huku na huku asijue nani ameanza.

"Atufukuze wote, halafu afue yeye?" anacheka.

Ilichukua miezi minne ya vikao na mgomo wa siku sita hadi madai yakakubaliwa. Alijifungua akiwa kwenye likizo yenye malipo, na kazi yake ikamngoja.

Sasa hospitali inataka kukipa chumba hiki jina la aliyetia sahihi ya kwanza. Katibu wa hospitali, mwanamke wa umri wa binti yake, amekuja mara tatu.

"Mama, tuambie tu. Ni heshima."

"Namjua, mwanangu, ila sikwambii. Wa kwanza tuliyekuwa naye mlimfukuza."

Anachotaka yeye ni mviringo uleule uchorwe ukutani, kando ya mlango wa mbele, na majina yote thelathini na moja. Katikati liandikwe la shangazi, ambalo kwenye karatasi ile halimo. Katibu ameomba muda wa kufikiri.

Shangazi ana miaka themanini na tatu. Tangu afukuzwe hajakanyaga hapa. Hata akiugua hutibiwa kwingine.

"Siku yangu ya mwisho kazini nitamleta mwenyewe," anasema Mama Sahani, akifunga mlango wa mashine. "Tutapita mlango wa mbele. Tukikuta hawajachora, sahani ninayo bado. Nitakuja na penseli."