Tulivyomsafisha Babu kwa Ajili ya Maktaba

Sisi tuliokunywa maziwa ya shule kutoka pakiti za pembetatu tulikuwa na kitu ambacho vijana wa leo hawatakuwa nacho kamwe, yaani mwandiko. Msicheke. Wakati wetu mwandiko ulikuwa tabia. Mwalimu akiona mkia wa "g" yako umelegea, alijua umeanza kupotoka kimaadili, na rula ilitua kwenye vidole kabla hujajieleza. Mwandiko wangu ulishinda wa darasa zima. Pale Migosi, mtaa wa Kisumu tulipoishi, majirani walinibembeleza kwa mandazi niwaandikie barua za kuomba kazi, na wengine barua za mapenzi ambazo sikuzielewa hata nusu. Laiti ningeandika kama kuku anayeparua, maneno ya babu yangu yangekuwapo mpaka leo.

Shule zikifungwa tulipelekwa Nyakach, mwendo wa mguu kutoka soko la Pap Onditi, kwa Babu na Dani, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo. Huko tulicheza bladda, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, mpaka vumbi likapanda magotini, tukala nyoyo ya mahindi na maharage kutoka sufuria moja, na tukalala tukinuka moshi. Babu alikuwa mchungaji, lakini mchungaji wa aina yake. Mahubiri yalikuwa kazi, na kuandika ndiko kulikuwa raha yake. Kila siku aliandika kwenye daftari za shule habari za wanyama, mvua, wafiwa, na hasa waumini wake. Bado nakumbuka mstari mmoja: "Leo nimehubiri juu ya kukesha. Mzee wa kanisa aliyeketi mbele alilala kabla sijafungua Biblia."

Aliandikia jikoni. Alisema ofisini kuna upepo, lakini sote tulijua jikoni kulikuwa na Dani. Kwa hiyo daftari zake zilikuwa na kila kitu: majivu, mafuta ya kukaangia samaki, duara la kikombe cha chai, na moja ilikuwa na nyayo za kuku aliyepita juu ya wino mbichi bila kuomba radhi. Dani hakujua kusoma. Babu akimaliza, alimsomea alichoandika, na Dani alimsahihisha huku akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. "Hapana, mzee, ng'ombe ilikuwa mbili. Wewe unapenda kuongeza." Babu alikata, akaandika mbili.

Babu alipofariki, Dani aliendelea kusoma kwa njia yake. Alizijua daftari zote kwa madoa. "Nyathina," mwanangu, alikuwa akiniita, "leta ile ya kuku," au "leta ile ya mafuta," nami nilisoma. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya chai. Pale kwenye duara la kikombe Babu alikuwa ameandika juu ya siku waliyokosana, yeye na Dani, kwa sababu ya kitu kidogo kabisa. Nilipomsomea mara ya kwanza, Dani alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka mpaka nikaanza kukohoa.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka maktaba kubwa ya mjini Kisumu. Alikuwa amesikia habari za mchungaji aliyeandika, akataka karatasi zote za familia zihifadhiwe mahali pasipofika mchwa. Dani alikubali mara moja, kwa sharti kwamba niruhusiwe kwenda naye huko kumsomea. Yule mama alicheka, akasema mlango uko wazi. Akiondoka alirudia mara tatu: "Tafadhali msiguse kitu. Msijisumbue. Mtuletee hivyo hivyo."

Sasa, kwetu hakuna jambo linaloweza kwenda hivyo hivyo. Hata mtu akipiga chafya mara mbili, tunaunda kamati. Iliundwa Kamati ya Kuhifadhi Maandishi ya Marehemu Mchungaji, yenye mwenyekiti, makamu, katibu, na wajumbe wanne ambao kazi yao ilikuwa kuunga mkono. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Nashon, mkuu wa shule mstaafu, mtu aliyekuwa akisahihisha hata matangazo ya mazishi kwa kalamu nyekundu. Kikao cha kwanza kilijadili maneno ya yule mama wa maktaba.

"Huyo ni mtu ya heshima," alisema Mwalimu Nashon. "Sasa mlitaka aseme nini? Ati vitabu yenu ni chafu? Mgeni akisema usijisumbue, wewe unafanya nini?"

"Unakimbiza kuku," walijibu wajumbe kwa pamoja.

"Haya. Na mtu akikufa, si tunaosha, tunavalisha suti? Halafu maneno yake tupeleke town ikinuka omena?"

Wajumbe waliiunga mkono hoja hiyo. Hata leo nikiitafakari naona ilikuwa na mantiki yote ya kwetu. Heshima ni usafi. Iliamuliwa kwamba maandishi yote yanakiliwe kwenye daftari mpya, kwa mwandiko mzuri, na macho yote yakanigeukia mimi niliyekuwa nikigawa chai. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilijisikia nimeteuliwa waziri.

Dani hakuwapo. Alikuwa amekwenda Awasi kumuuguza dada yake, na kamati iliona ni vizuri kumaliza kazi kabla hajarudi, iwe zawadi. Kwa wiki mbili za likizo ya Aprili nilikaa mezani kwa wino wa buluu, nikipewa soda ya chungwa na mkate wa siagi, huku Mwalimu Nashon akisimama nyuma yangu. Mwanzoni tulinakili. Kisha tukaanza kusahihisha tahajia. Kisha, kwa kuwa dhambi haiji na ngoma, tukaanza kusahihisha mtu. Mzee wa kanisa aliyelala aligeuzwa "aliyezama katika tafakuri." Jumapili ambayo Babu alikiri kwamba hakuwa na la kuhubiri, akasimulia hadithi ya fisi, ikajazwa mistari ya Zaburi. Tulipofika kwenye ile daftari ya chai, mjumbe mmoja, mama wa kwaya, alitikisa kichwa.

"Mchungaji hawezi kugombana na mke. Watu ya mjini watasema nini?"

"Ondoa," alisema Mwalimu Nashon. "Andika waliamka salama. Na wewe, mtoto, yale tumetoa hapa usiyabebe mdomoni. Yamekwisha."

Niliandika. Na lazima niseme ukweli, sikuandika kwa huzuni. Niliandika kwa furaha, ulimi ukiwa nje, nikizungusha mikia ya "g" kama fundi. Daftari za zamani zilikwenda motoni kuchemshia chai ya kikao cha mwisho. Wajumbe waliisifu chai hiyo.

Dani alirudi Jumamosi, akakuta daftari kumi na mbili mpya zimepangwa mezani, zote za rangi moja, zote zenye jedwali la hesabu nyuma. Alishukuru, akatushika mikono kwa heshima mmoja mmoja. Walipoondoka, alikaa akaniambia, "Leta ile ya chai."

Nikampa. Aliigeuza, akaigeuza tena. Akaifungua, akainusa. "Hii ni gani?"

"Ndiyo hiyo, Dani. Tumeisafisha."

"Soma."

Nikasoma kwa sauti ya kuigiza, kama tulivyofundishwa: "Leo mke wangu aliamka salama. Tulimshukuru Mungu kwa afya njema na baraka zake zote."

Dani akauliza, "Huyo anaongea ni nani?"

"Ni Babu."

"Huyo si mzee yangu," alisema. "Huyo ni Nashon."

Alikwenda nyuma ya jiko, akapekua majivu kwa kijiti kwa muda mrefu. Aliporudi alinishika mkono kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma zaidi. "Wewe ulisoma ile ya kwanza. Usisome sasa. Niambie tu kwa mdomo. Alisema nini juu yangu?"

Nilikumbuka kila neno. Lakini nilimwona akilini Mwalimu Nashon na kalamu yake nyekundu, nikaogopa. Nikamwambia, "Dani, sikumbuki."

Hakuniuliza tena. Daftari zilipelekwa mjini kwa sherehe, kwaya ikaimba, Mwalimu Nashon akahutubia juu ya umuhimu wa kuhifadhi urithi. Dani alisema mgongo unamuuma, akabaki nyumbani. Hakukanyaga maktaba ile mpaka alipozikwa, nikiwa kidato cha pili.

Mwaka jana nilikwenda peke yangu. Kijana wa maktaba alinipokea vizuri ajabu, akanipa penseli kwa kuwa kalamu hairuhusiwi, akaleta sanduku kana kwamba amebeba mtoto mchanga. "Mama, angalia mwandiko ya huyu mchungaji," alisema. "Watu wa zamani walikuwa makini." Alipiga picha ukurasa mmoja, akaituma kwa marafiki wake. Vijana hawa hawafuti kitu. Mpwa wangu ana picha elfu kadhaa za chipsi kwenye simu, na chapati, na kiatu alichotaka kununua lakini hakununua. Simu ikianguka kwenye maji, analia kama mfiwa. Zamani ningemcheka. Siku hizi namwambia apige picha tu, hata za vyombo vichafu, hata za mama yake akiwa amenuna.

Nilimwambia yule kijana ukweli. Nilitegemea aghadhibike, lakini alivuta kiti, macho yakimwaka. "Basi wewe ndiye uliyeona zile za kwanza! Tuandikie unachokumbuka, mama. Tutaweka pamoja na hizi, kwa jina lako."

Akaniletea karatasi. Hapakuwa tena na kamati. Mwalimu Nashon alikuwa amekufa zamani, akaoshwa na kuvalishwa suti. Niliandika habari ya mzee aliyelala, nikaandika ya fisi, penseli ikikimbia. Kisha nikafika kwa Dani. Naiona daftari yenyewe. Naona duara la kikombe, upande wa kushoto, karibu na chini, na najua mistari ilikuwa minne. Namwona Dani ameshika ukuta, machozi yakimtoka kwa kicheko. Nilikaa na ile penseli asubuhi nzima, kijana akinipitia mara kwa mara bila kuniharakisha, mpaka nikamrudishia karatasi yake na kumwambia kwamba hapo sikumbuki. Nilipomwambia Dani hivyo nilikuwa nadanganya. Sasa ni kweli.