Kigoda cha Kukamulia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama mkwe wangu aliniuliza habari za mavi. Usicheke. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini somo lile sijalisahau.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja huko Meru, niliyemnunua kwa jasho la kubeba mikungu ya ndizi. Mwanangu wa kwanza, Elisante, alikuwa na miaka miwili. Nilijisifu kuanzia kilabuni hadi kanisani kwamba mtoto wangu hajui maji, yeye ni maziwa tu, asubuhi mpaka jioni. Akikataa chakula nasema mwacheni, amezaliwa na shibe.

Lakini choo kilimshinda. Siku nne, tano, hapati. Akazoea kujificha nyuma ya migomba, amebana miguu, jasho linamtoka. Siku hiyo alitoa kigumu kama kokoto, kina damu. Mke wangu analia, mimi namfokea mtoto: "Kaza! Wewe si mwanaume?" Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ndivyo nilivyojua.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimu. Akaniita.

"Baba Elisante, ng'ombe wako leo amekunya vipi?"

"Vizuri, mama. Laini."

"Umejuaje?"

"Naangalia kila asubuhi. Kinyesi kikikauka, namwongezea maji na majani mabichi."

"Na huyu mwanao, umemwangalia lini?"

Nikageuka, nikamtazama Elisante.

"Basi bora angezaliwa zizini," akasema.

Kwa sababu ya ile damu alitupeleka zahanati kwanza, na nesi akamuunga mkono kila neno. Kwa ushauri wao maziwa yakapungua hadi vikombe viwili kwa siku. Yakaingia maji, papai, mchicha, maharage. Kisha mama mkwe akachukua kigoda changu cha kukamulia, ambacho hata mke wangu hakukigusa, akakiweka chini ya miguu ya mtoto akiwa kwenye poti, magoti yakainuka. "Asikazwe," akasema. "Akishakula, akae kidogo, umwimbie." Nami na sauti yangu hii nikaimba!

Ilichukua wiki nyingi hofu kumtoka. Asubuhi moja nakamua nimechuchumaa, nasikia, "Baba! Njoo uone!" Nikamwacha ng'ombe, nikaenda kuona. Mama yule hakujua kusoma hata jina lake, lakini sijakutana na daktari niliyemheshimu zaidi.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayejisifu huko Kijenge mjini kwa makopo ya maziwa unayompa mwanao, nisikilize. Miezi sita ya kwanza ni ziwa la mama peke yake. Baada ya hapo mfundishe chakula cha nyumbani, na maji, na matunda, polepole, bila kiboko. Choo kikiwa kigumu, usimfokee. Angalia sahani yake, na ukiona damu mpeleke kwa wataalamu. Mficha uchi hazai, na anayeonea haya mavi halei.

Mungu akujalie watoto wanaokula kwa hamu na kutoka chooni wakicheka. Kigoda kipo. Njoo ukichukue.