Karakana Iliyokaa Pua na Mdomo na Unga

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha biskuti. Wanamwita Spana. Masikio yake ni makali, hata beringi ikikohoa anajua imelala ubavu gani. Kwa heshima ya masikio hayo, karakana yake iliwekwa mlemle kwenye chumba cha unga, hatua tatu kutoka mashine ya kukandia. Akipiga tupa, vumbi la chuma linatembea. Akichomelea, cheche zinaruka kama panzi. Mama anayesimamia unga alikuwa akizifunika beseni zake kwa mwavuli, mpaka mwavuli ukawa chujio.

Meneja akamwomba ahamie banda la ng'ambo ya uwanja. Spana akakataa katakata.

"Nikiwa kule, mashine ikiugua nitaisikiaje?"

"Itakufuata," akasema yule mama wa unga. "Si ina miguu minne?"

"Miaka kumi na tisa sijaangusha hata nati. Siku chuma kikionekana kwenye biskuti, meza yangu nitaibeba mwenyewe."

Meza yenyewe ni chuma kitupu. Siku ilipoingizwa, sakafu ilipiga magoti.

Ijumaa akaleta nyumbani mfuko wa biskuti zilizovunjika, kama kawaida yake. Nikatafuna ya kwanza. Kitu kikalia ka, na jino langu la mbele likatoka limeongozana na skrubu.

Spana aliiokota skrubu kabla hajalitazama jino. Uso ukamchangamka.

"Kumbe ilikuwa huku. Naitafuta tangu Jumanne."

Binti yangu akamkazia macho. Hapo ndipo mwenyewe alipousikia mdomo wake.

"Mama," akaanza, sauti imepakwa asali, "jino hilo si lilishalegea zamani?"

"Lililegea, baba. Lakini halikuwahi kuota skrubu."

"Basi tusilikuze. Ya nyumbani yabaki nyumbani."

"Na mtoto wa watu angeimeza," mke wake akauliza, "ingebaki nyumbani kwa nani?"

Mimi nikamwambia Spana asijisumbue kujibu, Jumatatu nitakwenda mwenyewe kiwandani kuulizia kama wanauza na meno.

Jumatatu alinitangulia. Akaiweka skrubu mezani kwa meneja, akaikumbatia meza yake, akavuka nayo uwanja. Wanasema alipumzika mara arobaini, na mama wa unga akamtembeza kwa mwavuli uliotoboka ili jua lisimchome.

Sasa karakana iko peke yake. Anayetoka huko anavua viatu vya kazi, anajikung'uta, ananawa, ndipo anagusa mlango wa unga. Ukutani amechora umbo la kila chombo, kikikosekana kionekane. Wageni huwaambia wazo lilikuwa lake.

Kuna umbo moja dogo, kama punje ya hindi, ambalo halina kitu. Wakimuuliza, anasema ni la spana fulani iliyopotea. Mimi nimekwenda nikalipima kwa ulimi, kisha nikapima pengo langu. Ni la jino langu.