Kunguru Aliyekula Arusi

Juzi mupwa wangu alifungua filme mupya ya kamera, na ile harufu yake kali ikanirudisha Kalemie, kwenye muchanga wa ziwa, kati ya ndagala, vile visamaki vidogo, zinazokauka.

Tulikuwa tumetoka Zongwe kwenye arusi ya dada yangu. Filme ya Papa, ile ya diapo, ambayo ukiiinua kwenye mwangaza unaona watu na rangi zao, ililowa ndani ya pirogi, mutumbwi ulioturudisha, kabla ya kusafishwa. Mama hakuhangaika. Kwetu, kilicholowa kinaanikwa. Aliivuta yote toka kwenye kopo lake, kama matumbo ya samaki, akaitandaza juani kati ya ndagala. Akanipa fimbo.

"Ulinde kunguru, mutoto wangu. Wasikule bibi-arusi."

Nikalinda mpaka usingizi ukanichukua.

Filme ilirudi kutoka kusafishwa nyeupe kama kioo. Papa aliiinua dirishani, hakuona hata muntu mumoja. Mama akanigeukia.

"Ulilala! Wamekula wote!"

Leo najua jua njo lilimaliza arusi ile: filme ikiona mwangaza kabla ya kusafishwa, picha zote zinafutika. Lakini utoto wangu wote, nikiona kunguru munene juu ya bati la kanisa, nilimusalimia kwa heshima: labda tumboni mwake alikuwamo shemeji yangu, na suti yake.