Mipira ya Mbithe na Ng'ombe wa Simel

Mbithe alilima ekari moja isiyo yake, kando ya barabara ya vumbi kati ya Kitengela na Kajiado. Ardhi ilikuwa ya Simel, mfugaji wa hapo. Walipatana kwa mdomo Mbithe alipofika kutoka Ukambani, mjane mwenye mtoto mgongoni: alime apendavyo, na mahindi yakishavunwa, mabua ni ya ng'ombe wa Simel. Kodi hakuna, karatasi hakuna. Waliosoma huyacheka mapatano ya namna hiyo, lakini ndiyo yaliyomlea mwanawe Kiema hadi akawa mtu mzima.

Kisha ukaja mradi wa mipira ya matone, ile inayodondoshea kila mche maji yake bila kupoteza. Afisa wa mradi, Yvonne, alikuwa binti mchangamfu, na sharti lake lilikuwa moja tu: shamba lizungushiwe waya, mifugo isiingie. Moja tu! Kumwambia Mbithe afunge shamba ni kumwambia amfukuze Simel kwenye ardhi ya Simel. Mbithe akaitikia kwa kichwa, mipira akachukua, waya hakuweka. Alijiambia ataikunja kabla ng'ombe hawajaingia.

Na mipira ilifanya kazi, tusiseme uongo. Mahindi yake yalibeba mwaka ambao majirani walivuna majani. Mbithe alivimba kichwa kidogo, na nani angemlaumu? Baada ya kuvuna aliiacha mipira palepale chini ya mabua, maana miche ya nyanya ilikuwa kitaluni, karibu na nyumba, ikingoja kuhamishiwa shambani.

Nyasi zikaisha mapema. Asubuhi moja Simel alisimama ukingoni mwa shamba, ng'ombe nyuma yake, mbavu nje.

"Takwenya, Mama Kiema," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko, Baba Dinah," Mbithe akaitikia.

"Hii ng'ombe imechoka. Niingize leo?"

Mbithe angeweza kumwomba angoje hadi jioni, mipira ikunjwe kwanza. Lakini wanyama walikuwa wakiyumba, na mtu hamwambii mwenye ardhi angoje nje. Tena, aliwaza, ng'ombe mwenye mabua mbele yake atafune mpira wa nini?

"Ingiza tu," akasema, akashika njia ya Kitengela kuuza maharagwe.

Alichosahau ni chumvi. Maji ya kisima cha huko yana chumvi, na kila tundu la mpira lilikuwa limeota ukoko mweupe. Ng'ombe waliokosa magadi, chumvi yao ya kulamba, kwa muda mrefu walianza kwa kulamba, wakamalizia kwa kutafuna. Mbithe aliporudi alikuta vipande vipande. Aliketi mchangani akalia kwa sauti, kama aliyefiwa.

Yvonne alipokuja kukagua, Simel naye alikuwepo na ng'ombe wake, ameegemea fimbo yake kando.

"Mama, hizi ng'ombe ziliingia kwa nguvu, sindio?" Yvonne aliuliza. "Sema tu hivyo. Waya nitaandika ulikuwa njiani. Utaletewa mipira ingine, na mwenye ng'ombe tutamfuata alipe."

"Na kama ni mimi niliwaruhusu?"

"Hapo sina la kufanya. Utatolewa kwa mradi."

Mbithe aliitazama miche yake kitaluni. Aliitaka mipira ile kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Neno moja la uongo lingeirudisha, na neno hilohilo lingemvunjia mapatano yaliyompa shamba.

"Ni mimi nilisema waingie, madam."

Yvonne hakukasirika, alisikitika, na hilo lilimuuma Mbithe zaidi. "Sijui kwa nini watu wa huku mnakataa vitu za kisasa," alisema, akapanda pikipiki akaenda zake.

Simel alisogea karibu. "Mbona hukuniambia mipira iko ndani?"

"Ungerudisha ng'ombe?"

Simel aliwageukia ng'ombe wake. Sasa walisimama bila kuyumba.

"Hapana," alisema. "Singerudisha."

"Sasa je?" Mbithe akasema.

Akachukua mtungi, akaelekea kisimani, kwa maana nyanya hazijui habari za mradi. Nyuma yake alisikia kishindo cha plastiki. Simel, ambaye maishani mwake hajawahi kumwagilia hata jani la sukuma, alikuwa ameokota mtungi wa pili na kumfuata. Siku hiyo alimwagia viatu vyake maji mengi kuliko nyanya, na Mbithe hakumkosoa.